Chakula cha spirulina: jinsi ya kulinganisha naitreti, urea na samadi kwenye mabeseni yako

Anayeanza kuotesha spirulina, mwani mdogo unaokaushwa kuwa unga wa chakula, kwa kawaida huuliza mbolea gani itaikuza haraka. Swali ni zuri, ila ni nusu ya swali. Chakula unachoupa mwani mdogo huamua kasi ya kukua kwake, na huamua pia mwili wake utajengwa na nini. Mabeseni mawili yanaweza kukupa gramu zilezile za unga, la kwanza likawa na protini asilimia 60 na la pili likawa limejaa wanga. Kwa macho ya mbali yote mawili ni kijani. Anayelisha watoto au vifaranga vya samaki kwa unga huo ndiye atakayeumia.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kufanya jaribio lako mwenyewe kwa mabeseni, mizani na subira, ujue ni chanzo kipi cha virutubisho kinachokufaa kabla hujamwaga fedha kwenye tangi kubwa. Nimeuandika kwa mfugaji mdogo na kwa mwalimu wa sayansi mwenye wanafunzi wanaotaka kazi ya mikono. Nimechagua spirulina kwa sababu ni mwani wa kwetu kabisa: ndio unaoyapa kijani kizito maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Nakuru, Bogoria na Natron, na ndio unaowalisha heroe wadogo wanaofika huko kwa malaki.

Kwanza: unavuna kwa ajili ya nini?

Jibu hili liwe mkononi kabla hujanunua hata gramu moja ya mbolea. Ukitaka protini na ile rangi ya buluu iitwayo faikosayanini, mwani wako usikose naitrojeni hata siku moja. Ukitaka mafuta kutoka kwa mwani mwingine uitwao klorela, au rangi ya machungwa ya beta-karotini kutoka kwa Dunaliella anayeishi kwenye maji ya chumvi kali, mambo yanageuka: aina hizo hujaza mafuta au rangi zinapobanwa, hasa naitrojeni inapowaishia.

Lakini njaa ina gharama. Mwani ulionyimwa naitrojeni huacha kugawanyika. Wizara ya Nishati ya Marekani iliendesha mradi wa kutafuta mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, na moja ya mafunzo yake makubwa lilikuwa hili: asilimia ya mafuta hupanda kwa njaa, ila ukuaji hushuka kiasi kwamba mafuta unayoyapata kwa siku kutoka tangi lilelile huenda yasiongezeke kabisa. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mwani fulani una mafuta asilimia 40, uliza na kasi yake ya kukua wakati huo ilikuwa ipi.

Spirulina ikinyimwa naitrojeni haijazi mafuta mengi. Hujaza wanga. Hilo tutaliona kwenye beseni.

Inachokula, na kwa nini chanzo kina maana

Kaboni ndiyo kubwa kuliko yote, karibu nusu ya uzito mkavu. Spirulina huichukua kutoka kwenye bikaboneti iliyoyeyuka majini, ndiyo maana inapenda maziwa ya magadi. Inapoila bikaboneti, maji yanazidi kuwa na ukali wa magadi na pH inapanda. Hivyo pH ni kipimo chako cha kaboni: ikiwa kati ya 9.5 na 10.3 mambo ni shwari, ikipita 10.5 mwani unalia njaa ya kaboni hata kama naitrojeni imejaa tele. Kukoroga husaidia, kwa sababu maji yenye magadi huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, japo polepole.

Hapa kuna jambo linalohitaji umakini Afrika Mashariki. Wengi huona magadi ya mawe, bei yake ni nafuu, na akili inawaambia kwamba spirulina ya Bonde la Ufa inaishi humohumo. Kweli, itaota. Ila magadi ghafi ya maziwa yetu mara nyingi yana floridi nyingi, ileile inayoharibu meno na mifupa ya watu katika sehemu za kaskazini mwa Tanzania na Bonde la Ufa la Kenya. Kwa spirulina itakayoliwa na mtu, nunua bikaboneti ya daraja la chakula, ule unga mweupe safi wa kuumulia keki. Soma lebo: baking poda si kitu kilekile, imechanganywa na asidi na wanga.

Naitrojeni ndiyo kiini cha jaribio letu. Protini ya spirulina nzuri ni asilimia 55 hadi 70 ya uzito mkavu, na ukigawa protini kwa 6.25 unapata naitrojeni. Maana yake kila gramu moja ya unga mkavu imebeba takriban gramu 0.1 ya naitrojeni. Namba hiyo ikae kichwani, tutaitumia tena na tena. Spirulina haiwezi kuinyaka naitrojeni ya hewani kama wafanyavyo anabaena na wenzake, vijidudu wanaoishi ndani ya mmea wa majini uitwao azola; isipopewa, haina.

Naitreti ni chanzo tulivu. Hata ikizidi haiui, na unaweza kuiweka yote siku ya kwanza. Upungufu wake ni bei, na pia kwamba mwani hutumia nguvu kuigeuza kuwa amonia kabla ya kujenga protini. Urea ni nafuu na imekolea: mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, wakati mfuko wa kilo 25 wa naitreti ya potasiamu wenye asilimia 13 una kilo 3.25 tu. Ungehitaji mifuko saba ya naitreti kufikia naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea. Ndiyo maana wafugaji wengi wa spirulina duniani wanaishia kwenye urea.

Lakini urea majini huvunjika kuwa amonia, na hapo ndipo mabeseni mengi yanapofia. Katika pH ya 9.25 nusu ya amonia yote iko katika umbo la gesi iliyoyeyuka, na umbo hilo ndilo sumu. Kwenye pH ya 10 kiasi hicho hupita asilimia 80. Kiwango cha urea kisichomdhuru klorela anayekaa kwenye maji ya pH 7 kinaweza kuimaliza spirulina usiku mmoja. Dawa yake ni kuilisha kidogokidogo, kila siku kadiri inavyokula.

Fosforasi inahitajika kidogo, karibu asilimia 1 ya uzito mkavu. Chanzo chake kiwe kinachoyeyuka: MAP, yaani monoamoniamu fosfeti, inayouzwa kwa ajili ya umwagiliaji wa matone. Fosfeti ya mawe ya Minjingu ni hazina kwa mashamba yenye udongo wenye asidi, ila kwenye maji ya magadi haiyeyuki, inakaa chini kama mchanga. Mbolea za mashambani za TSP na CAN nazo zina kalisi, na kalisi ikikutana na bikaboneti na fosfeti huganda kuwa tope jeupe. Virutubisho unavyodhani umeviweka vinakuwa vimelala sakafuni.

Chuma nacho huganda kwa urahisi kwenye pH kubwa. Kiyeyushe kwanza kwenye maji ya limau. Asidi ya limau hukishikilia kibaki majini.

Hatua ya 1: Pata mbegu safi, kisha uioshe

Chukua mbegu kutoka kwa mfugaji anayekula spirulina yake mwenyewe, au kutoka maabara ya chuo. Usichote ziwani. Maziwa ya magadi yana jamii nyingine za sayanobakteria (kundi la bakteria wa kijani-buluu, spirulina ikiwemo) zenye sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiwa na hadubini ya shule, spirulina ni nyuzi zilizojisokota kama springi ya kalamu. Ukiona vishada vya vitone vya mviringo, kataa mbegu hiyo.

Kuosha mbegu ni hatua ambayo wengi hawaijui, na bila hiyo jaribio lote linakuwa kazi bure. Maji yanayokuja na mbegu yamejaa naitreti ya alikotoka. Ukiyamimina kwenye beseni ulilotaka liwe na njaa, halitapata njaa. Mimina mbegu kwenye kitambaa laini chenye vitundu vya maikroni 30 hadi 50, acha maji yachuruzike, suuza kwa maji yenye bikaboneti na chumvi peke yake, kisha irudishe mbegu kwenye maji ya aina hiyohiyo. Fanya taratibu, nyuzi zisikatike.

Hatua ya 2: Tengeneza maji ya msingi

Mwaka 1966 mtafiti aitwaye Zarrouk alitoa kichocheo cha maji ya spirulina ambacho maabara nyingi zinakitumia mpaka leo: kwa lita moja, gramu 16.8 za bikaboneti, gramu 2.5 za naitreti ya sodiamu, nusu gramu ya fosfeti ya potasiamu, na chumvi nyingine ndogondogo. Ni kizuri, lakini kwa mfugaji ni ghali bila sababu. Kwa jaribio letu nusu ya bikaboneti hiyo inatosha.

Tumia mabeseni mapana ya plastiki ya chakula yanayobeba lita 15 kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Ndoo ndefu na nyembamba huacha giza chini. Usitumie karai la bati, zinki yake itayeyuka. Kila beseni la lita 15 lipate:

bikaboneti gramu 120;
chumvi safi ya baharini gramu 75;
salfeti ya potasiamu gramu 15;
salfeti ya magineziamu, ile iitwayo chumvi ya Epsom, gramu 3;
MAP gramu 1.5;
mililita 15 za maji ya chuma.

Maji ya chuma yatengeneze hivi: gramu 5 za salfeti ya chuma na maji ya malimau mawili ndani ya lita moja. Yaweke gizani, na yakigeuka rangi ya kutu yenye mashapo yamwage utengeneze mengine.

Salfeti ya potasiamu ina kazi maalumu hapa. Beseni la naitreti ya potasiamu linapata potasiamu bila kuombwa, la urea halipati. Usipoweka potasiamu ya kutosha kwenye mabeseni yote, utakuja kudhani umelinganisha naitreti na urea, kumbe ulilinganisha uwepo wa potasiamu na kukosekana kwake. MAP nayo ina naitrojeni kidogo, ila kwa kuwa ni sawa kila beseni haiharibu hesabu.

Maji yakiwa ya kisima kigumu, yachemshe au kinga ya mvua. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi juani siku nzima kwanza.

Hatua ya 3: Gawa makundi

Makundi manne, kila kundi mabeseni matatu. Huna nafasi? Fanya mawili mawili, lakini usifanye moja moja, kwa sababu beseni moja linaweza kufa kwa inzi aliyetumbukia nawe ukalaumu urea.

Kundi A ni naitreti kamili: naitreti ya potasiamu gramu 30 kwa beseni, yote siku ya kwanza. Hiyo ni naitrojeni ya kutosha kujenga zaidi ya gramu 2.5 za mwani kwa kila lita, kiasi ambacho hutakifikia ndani ya jaribio. Hawa ndio kipimo chako.

Kundi B ni urea. Siku ya kwanza usiweke kitu. Yeyusha gramu 30 za urea kwenye lita moja ya maji safi. Kila mililita 10 za maji hayo zina gramu 0.3 ya urea. Kwa njia hiyo huhitaji mizani ya dhahabu, sindano ya kawaida ya mililita 10 inatosha.

Kundi C ni njaa ya makusudi: naitreti ya potasiamu gramu 4 tu. Piga hesabu ya ile namba uliyoiweka kichwani: naitrojeni iliyomo, pamoja na ile ndogo ya MAP, inatosha takriban nusu gramu ya mwani kwa lita. Mwani utakua vizuri mwanzoni, kisha utagonga ukuta.

Kundi D ni majimaji ya mtambo wa biogesi au samadi iliyooza vizuri, iliyotuliwa na kuchujwa mara mbili. Kundi hili si la kuliwa na binadamu, na ningependa hilo liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye beseni lenyewe. pH kubwa huua vijidudu vingi lakini si vyote, na mwani hunyonya madini mazito kwa bidii kubwa. Mavuno yake ni ya jaribio, au ya kurutubishia bustani.

Mabeseni yote yapate kiasi kilekile cha mbegu. Weka mpaka kisahani cheupe kilichofungwa kwenye rula kitoweke kwenye kina cha kama sentimita 5.

Hatua ya 4: Kulisha na kutunza

Siku tatu za kwanza tandaza chandarua cha kivuli juu ya mabeseni, kwa sababu mwani mwembamba huungua kwa jua kali. Baada ya hapo ondoa kivuli asubuhi, rudisha saa sita ikiwa jua ni la kuchoma. Joto zuri ni nyuzi 30 hadi 37. Chini ya 20 karibu hakuna kinachokua. Juu ya 40 unaelekea kuipoteza. Walioko Dar es Salaam au Mombasa wana bahati; wa Nairobi, Arusha au Bukavu wafunike kwa nailoni usiku, na mara nyingi mchana pia.

Koroga mara nne au tano kutwa. Kila asubuhi yahamishe mabeseni, la mwisho lije mwanzo, maana hakuna uwanja ambao jua lake ni sawa kila kona.

Kundi B lipe mililita 10 za maji ya urea kila asubuhi kwa kila beseni. Kiasi hicho kinalisha ukuaji wa karibu gramu 0.09 kwa lita kwa siku, ambao ni ukuaji wa kawaida kwenye beseni. Kabla ya kumimina, inama unuse. Ukipata harufu ya amonia, ruka siku hiyo na koroga zaidi. Siku ya mawingu mazito au baridi toa nusu, kwa kuwa mwani usiopata mwanga hauli, na urea uliyoweka itageuka amonia bila mlaji.

Kundi D lipe mililita 100 kwa siku, kwa sheria ileile ya pua. Yakianza kuwa na rangi ya chai nyeusi simamisha. Hapo rangi ya majimaji inazuia mwanga kuliko chakula kinavyosaidia. Ndilo kosa kubwa la samadi: chakula kimo, lakini kimekuja na pazia lake.

Pima pH kila siku saa ileile, mchana. Vipande vya karatasi vya pH 7 hadi 14 vinafaa, kipimo cha betri ni bora zaidi ukikirekebisha kila wiki. Beseni lolote likipita 10.5, liongezee gramu 30 za bikaboneti, na uandike. Usiliache, kwa sababu utakuwa unapima njaa ya kaboni huku daftari linasema unapima naitrojeni.

Hatua ya 5: Kupima ukuaji

Kisahani cheupe kila asubuhi, na uzito mkavu kila baada ya siku tatu. Kwa uzito, koroga vizuri, chota nusu lita, chuja kwenye karatasi ya kahawa uliyoipima ikiwa kavu, suuza kwa maji safi ili chumvi na bikaboneti zitoke, kausha kwenye joto lisilozidi nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike tena. Asiyesuuza anapima magadi na kuyaita mwani. Nimeona watu wakifurahia mavuno makubwa ambayo sehemu yake nzuri ilikuwa chumvi. Mizani inayosoma mia moja ya gramu inatosha.

Andika namba za kisahani na za uzito kwenye ukurasa mmoja. Baada ya wiki mbili utakuwa na jedwali lako mwenyewe, na siku nyingine kisahani peke yake kitakuambia una gramu ngapi kwa lita. Jedwali la mtu mwingine halikufai sana, macho na mwanga vinatofautiana.

Kasi ya kukua ipate hivi: logi asilia ya uzito wa mwisho, toa logi asilia ya uzito wa mwanzo, gawa kwa siku zilizopita. Ukipata 0.2, maana yake mwani unajiongeza maradufu kila siku tatu na nusu. Linganisha wastani wa mabeseni matatu ya kundi, na uangalie pia yalivyotofautiana yenyewe kwa yenyewe. Tofauti kati ya A na B ikiwa ndogo kuliko tofauti iliyo ndani ya A yenyewe, hujapata tofauti.

Hatua ya 6: Kupima kilichomo ndani

Hii ndiyo sehemu inayoachwa, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Vuna sampuli zote siku moja, saa ileile, alfajiri. Mchana mwani hujilundikia wanga kutokana na jua, usiku huutumia. Sampuli ya alfajiri ina asilimia kubwa ya protini kuliko ya jioni kutoka beseni lilelile, na ukilinganisha A ya asubuhi na B ya jioni utakuwa umepima saa, hujapima mbolea.

Anza na macho. Mwani wa kundi A uwe kijani cheusi chenye ubuluu. Wa kundi C, baada ya kugonga ukuta, utaanza kugeuka kijani cha majani makavu, kisha njano. Kinachotokea ni kwamba faikosayanini ni ghala la protini. Naitrojeni ikikosekana mwani huivunja kwanza ili upate ya kuendeshea maisha. Buluu inaondoka, klorofili na karotini zinabaki. Wakati huohuo wanga unapanda, na mwani ulioshinda njaa kwa muda mrefu unaweza kuwa na wanga unaozidi nusu ya uzito wake.

Umanjano huo usikudanganye kila mara. Njaa ya chuma nayo hufifisha kijani. Njia ya kutofautisha ni kuchota glasi mbili kutoka beseni la njano, moja uitie punje chache za naitreti, nyingine matone ya maji ya chuma, uziweke dirishani. Itakayorudi kwenye kijani chake imekuambia ilikuwa inakosa nini.

Kisha jaribio la buluu. Saga gramu moja ya mwani mkavu wa kila kundi, loweka kwenye mililita 100 za maji safi, acha usiku kucha mahali pa baridi penye giza, chuja. Maji ya A yatakuwa ya buluu yenye mng'ao mwekundu ukiyaangalia kwa ubavu kwenye jua. Ya C yatakuwa hafifu. Mwenye spektrofotomita chuoni anaweza kupata namba kamili: soma ufyonzaji kwenye nanomita 615 na 652, chukua wa kwanza utoe 0.474 mara wa pili, gawa kwa 5.34, jibu ni miligramu za faikosayanini kwa mililita. Zidisha kwa mililita 100 upate miligramu zilizomo kwenye gramu moja ya unga, kisha gawa kwa 10, upate asilimia ngapi ya unga wako ni buluu hiyo.

Protini kamili inahitaji maabara. Kipimo cha Kjeldahl hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Peleka sampuli mbili tu, A na ile unayotaka kuitumia, kupunguza gharama. Sampuli iwe imesuuzwa vizuri, la sivyo amonia iliyobaki kwenye maji ya urea au samadi itahesabiwa kama naitrojeni ya mwani, na mbolea itaonekana protini. Wenye tamaa sokoni wananufaika na udhaifu huo wa kipimo, na mnunuzi hana namna ya kujua.

Kusoma matokeo

Mara nyingi A na B hukaribiana kwa uzito, na B huweza hata kutangulia siku za mwanzo kwa sababu urea humpunguzia mwani kazi ya kugeuza naitreti. Ikiwa B iliyumba, tazama daftari la pH na la hali ya hewa kabla ya kuikataa urea. Karibu kila mara utakuta siku ya mawingu iliyopewa dozi kamili. C itakuwa sambamba na A mpaka karibu nusu gramu kwa lita, halafu itapinda. Angalia vizuri hapo: uzito wa C unaendelea kupanda kidogo hata baada ya buluu kuanza kutoweka. Huo ni wanga unaojazwa kwenye seli zisizogawanyika. Mfugaji anayepima uzito peke yake ataona tangi linakua na atafurahi, wakati protini kwa lita imesimama palepale siku nyingi. D hutegemea kabisa samadi ya nani, imeoza kiasi gani na mifugo ilikula nini. Usichukue matokeo ya D ya jirani.

Chukua sasa gharama. Usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko. Gawa bei ya mfuko kwa kilo za naitrojeni zilizomo, kisha zidisha kwa 0.1 upate gharama ya naitrojeni kwa kila kilo ya mwani mkavu. Baada ya hapo ongeza gharama ya kulinda: urea inadai mtu wa kunusa tangi kila asubuhi, naitreti inamruhusu aende msibani siku tatu na kurudi.

Kuhamia tangi kubwa

Kwa tangi la familia au la kikundi, mimi hupendekeza kuanza na naitreti kama akiba iliyomo majini, kisha kulipia kila mavuno kwa urea. Kila ukivuna gramu 100 za unga mkavu, umeondoa takriban gramu 10 za naitrojeni; urea gramu 25 hadi 30 inarudisha hiyo na kidogo inayopotea hewani. Igawe kwa siku mbili tatu, isizidi gramu 0.02 kwa lita ya maji kwa siku moja mpaka utakapolizoea tangi lako. Ongeza MAP gramu 5 na salfeti ya potasiamu gramu 4 kwa kila gramu 100 hizohizo, chumvi ya Epsom gramu 3, na maji ya chuma. Faida ya akiba ya naitreti ni kwamba siku urea ikirukwa, mwani hauanzi kula buluu yake.

Mbolea za maduka ya pembejeo zisizo za daraja la chakula hutofautiana kwa usafi, na fosfeti ndizo za kuangaliwa zaidi kwa sababu baadhi yake hubeba kadimiamu. Kama unga wako utauzwa au kupewa watoto, pima metali nzito na vijidudu angalau mara moja kwa kila shehena mpya ya mbolea, na wahusishe watu wa shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kabla ya kufungasha. Maji ya tangi badilisha theluthi yake kila baada ya miezi michache, maana salfeti na sodiamu hazina mlaji wa kuzimaliza humo, zinajikusanya tu.

Ukibadilisha chanzo chochote, badilisha kimoja. Anza na beseni moja pembeni ya tangi, lipe chanzo kipya wiki nzima, lifanyie jaribio la buluu, na weka unga wake kwenye chupa yenye tarehe gizani ili mwezi ujao uwe na cha kulinganishia.